Kufinyanga Udongo na Mtoto Mdogo Nyumbani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila baridi inapoingia Mbeya, kuanzia mwezi wa Juni, wazazi wenzangu hunijia na maswali yale yale: mtoto achezee nini wakati ukungu haujatoka, udongo wa kufinyanga unapatikana wapi, je, hautamletea minyoo, na kwa nini ng'ombe aliyetengenezwa jana ameamka leo amekatika shingo. Maswali hayo nimeyajibu mara nyingi mlangoni, njiani na kliniki, na sasa nimeona niyaandike kwa utaratibu ili kila anayeanza apate pa kuanzia.

Mwongozo huu unamhusu mtoto wa miaka 2 hadi 6. Nimechagua udongo kwa sababu haununuliwi, na kwa sababu unamwezesha mzazi kuendelea na kazi zake za kawaida, kama kuchambua maharage au kufua, huku mtoto akiwa pembeni yake na kazi yake mwenyewe mkononi. Jambo la pili nalipa uzito mkubwa. Wengi wetu tunampa mtoto simu si kwa kupenda bali kwa sababu ugali unasubiri kusongwa, ingawa Shirika la Afya Duniani lilishaeleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na kwamba kwa umri huo muda ukipungua zaidi ni bora zaidi.

Fahamu mapema kwamba kuandaa udongo huchukua siku tatu au nne wakati wa kiangazi, na zaidi wakati wa masika, lakini ukishauandaa unatumika kwa miezi.

Mahitaji

- Udongo wa mfinyanzi, ndoo moja ya lita 10. Kwa watoto wawili unatosha kabisa.
- Ndoo mbili zenye vifuniko. Tumia zilizokuwa na mafuta ya kupikia au unga, na usitumie ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba au dawa ya shambani, hata kama imeoshwa mara kumi.
- Chekeche ya unga iliyochakaa, au kipande cha chandarua cha zamani kilichofuliwa vizuri.
- Gunia au shuka kuukuu la kumwagia udongo ukauke.
- Kanga iliyochakaa ya kufunikia.
- Ubao, sinia au kipande cha turubai cha kufanyia kazi.
- Bakuli dogo la maji ya vuguvugu, sabuni na taulo.
- Gunzi la mahindi, kijiti butu na majani yenye mishipa iliyojitokeza, kama ya mparachichi.

Hatua

1. Tafuta udongo unaoshikana. Si kila udongo unafaa, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa siku ya kwanza. Udongo mweusi na mwepesi wa mashamba ya Uyole na Tukuyu una majivu mengi ya volkano. Unastawisha viazi na migomba vizuri sana, lakini ukiufinyanga unameguka. Shuka bondeni, kwenye kingo za vijito, au waulize wafyatua tofali wa eneo lako, kwa kuwa wao wanajua tabaka zuri liko wapi na mara nyingi watakupa ndoo moja bila malipo. Udongo wa kichuguu nao hufaa, kwa sababu ni laini na unashikana. Chimba chini ya tabaka la juu lenye mizizi, angalau urefu wa kiwiko.

   Usichukue udongo karibu na choo, jalala, gereji au josho la mifugo. Usichukue kwenye shamba la viazi, kwa sababu mashamba hayo hupigwa dawa za ukungu mara nyingi katika msimu mmoja. Na kwa wasomaji wa Chunya nasema kwa msisitizo: usichukue udongo wala mchanga mahali dhahabu inapooshwa au ilipowahi kuoshwa, hata kama ni laini kiasi gani, kwa sababu zebaki inayotumika kukamatia dhahabu hubaki ardhini na ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Vilevile mwache mtoto nyumbani unapokwenda kwenye mashimo ya tofali, hasa kati ya Novemba na Mei, kwani hujaa maji na kingo zake huporomoka.

2. Ujaribu kabla ya kuubeba. Lowesha kiasi kidogo, ukisokote kiwe kama mkia mnene kiasi cha penseli, kisha ukizungushe kwenye kidole chako. Ukizunguka bila kupasuka, umepata. Ukionyesha nyufa ndogo ndogo, una mchanga mwingi lakini bado utafaa kwa mtoto wa miaka miwili ambaye kazi yake ni kubonda tu. Ukikatika kabisa, urudishe shimoni.

3. Ukaushe, uuloweke, uuchuje. Wanaoanza huuchukua udongo mbichi na kuumiminia maji moja kwa moja, halafu wanashangaa mabonge hayalainiki wiki nzima. Uanike kwanza juani hadi ukauke kabisa, upondeponde, ndipo uumwage taratibu kwenye ndoo yenye maji hadi yaufunike. Udongo mkavu hunywa maji kwa kasi na kusambaratika wenyewe. Uache ulale usiku mmoja. Asubuhi koroga, upitishe kwenye chekeche, na utaona mawe, mizizi na vipande vya chupa vikibaki juu. Usiruke sehemu hii, kwa sababu kipande kimoja cha chupa kinatosha kukata kiganja cha mtoto. Acha uji huo utulie, mwaga maji yanayobaki juu, kisha umimine ulio mzito kwenye gunia lililotandazwa. Kiangazi siku moja au mbili hutosha. Masika inaweza kufika wiki.

   Mtoto wa miaka minne au mitano ashirikishwe kuponda na kukoroga. Mwanangu aliipenda hatua ya kumwaga udongo mkavu kwenye maji kuliko kufinyanga kwenyewe, kwa sababu viputo hupanda vikitoa sauti, naye alikuwa akiinamisha sikio juu ya ndoo na kuniambia nisiongee.

4. Ukande kama unga wa chapati. Uko tayari unapoweza kuushika bila kubaki vidoleni. Ukande kwa dakika kumi hivi ili hewa itoke, ugawe mabonge ya ukubwa wa chungwa, uyafunike kwa kanga yenye unyevu na kuyaweka kwenye ndoo yenye kifuniko. Baada ya muda udongo unaweza kutoa harufu ya tope. Hilo ni la kawaida na huisha ukianikwa kidogo.

5. Chagua saa na mahali. Katika miezi ya Juni na Julai usianze kabla ya saa nne asubuhi, kwa kuwa udongo baridi unauma vidole na mtoto ataukataa, nawe utafikiri haupendi. Weka ubao barazani penye jua, mkunje mikono ya sweta, na uweke bakuli la maji ya vuguvugu karibu naye. Mkate kucha siku hiyo.

   Nyumba nyingi za Mbeya, Njombe na Iringa huwasha jiko la mkaa ndani ili kupunguza baridi. Usimfungie mtoto kwenye chumba chenye jiko la mkaa linalowaka, hata kwa muda mfupi na hata kama moshi hauonekani. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Kukiwa na mvua au upepo mkali, mchezee jikoni mlango ukiwa wazi, mbali na jiko, au ahirisha hadi kesho.

6. Mpe bonge, usimpe kazi. Keti karibu, chukua bonge lako, na usimwambie cha kutengeneza. Kwa dakika tano au kumi za kwanza atabonda, atatoboa, atanusa, atapaka mkononi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe kwa mtoto wa miaka miwili na mitatu, na huhitaji kuiharakisha. Wewe endelea na maharage yako, ukimtazama na kumjibu anapokuita.

   Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni mzazi kuchukua kitu mkononi mwa mtoto na kukirekebisha. Nami nililifanya. Binti yangu alipokuwa na miaka minne alifinyanga ng'ombe mwenye miguu mitano. Nikamng'oa mguu mmoja kwa upole, nikamnyoosha na pembe. Akamtazama, akamsukuma kwangu akasema, "Huyo sasa ni wako, mama," akaenda kunawa. Nilipomuuliza jioni kwa nini mguu wa tano, alinijibu kwamba bila huo alikuwa anaanguka. Alikuwa sahihi: udongo ulikuwa laini mno kubeba mwili kwa miguu minne. Tangu siku hiyo nikiona kitu nisichokielewa huwa nasema, "Nieleze habari zake," na hapo maneno humtoka mtoto kwa wingi kuliko ukimuuliza, "Hiki ni nini?"

7. Mwonyeshe mbinu tatu za mikono. Anapoanza kuuliza anawezaje, mwonyeshe kwenye bonge lako mwenyewe, si kwenye lake. Kwanza ni kuviringisha kati ya viganja viwili kupata tufe, kazi ambayo mtoto wa miaka mitatu huimudu kwa mazoezi. Pili ni kusokota kwenye ubao kwa kiganja kilichonyooka kupata nyoka. Akitumia vidole nyoka hukatika vipande, kwa hiyo mwekee mkono wako wazi karibu na wake auige. Tatu ni kutengeneza chungu: bonge huwekwa kwenye kiganja kimoja, dole gumba la mkono wa pili huzama katikati, kisha hubinywa ukuta taratibu huku bonge likizungushwa. Ukuta usiwe mnene kuliko kidole cha mtoto wala mwembamba kuliko kalamu.

   Kama bibi yake yupo nyumbani, mkalishe karibu katika hatua hii. Wabibi wengi wa Rungwe na Kyela wanajua jina la kila chombo, kipi cha maji, kipi cha mboga na kipi cha pombe, kwa lugha ya nyumbani, na mtoto huyashika majina hayo akiwa anafinyanga kwa namna ambayo hawezi akiambiwa tu. Na mkijaliwa kufika Matema, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, mpelekeni aone vyungu vya Wakisi. Wanawake wa Ikombe na vijiji jirani huvifinyanga kwa mikono na kuvisafirisha kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo. Mtoto aliyekwisha kubinya chungu chake mwenyewe, akikaa mbele ya mama wa Kikisi anayelainisha mdomo wa chungu, hatoki hapo upesi.

8. Unganisha kwa uji wa udongo. Kichwa, mkia na mshikio havishiki kwa kugandamizwa tu. Chora mikwaruzo kwa kijiti pande zote mbili, paka udongo uliochanganywa na maji hadi uwe kama uji, bandika, kisha pitisha kidole kwenye maungio hadi mstari upotee. Mtoto wa miaka mitano anaweza kufanya yote haya peke yake na hujivunia sana.

9. Pamba. Viringisha gunzi la mahindi juu ya udongo uliotandazwa na utaona safu za vishimo zinavyopangika. Bonyeza jani kwa upande wa mishipa, ulibandue polepole. Usimpe mtoto wa chini ya miaka mitatu maharage, punje za mahindi, shanga au vifuniko vya soda kwa ajili ya mapambo. Vinaingia puani na kooni kwa urahisi, na ni vigumu kuvitoa.

10. Kausha kwa subira. Weka vitu kivulini, penye hewa, siku tatu hadi saba, ukivifunika kwa kanga siku ya kwanza na kuvigeuza kila siku. Usiviweke juani wala pembeni ya jiko. Sehemu nyembamba hukauka na kusinyaa kabla ya ile nene, na hapo ndipo masikio na shingo hukatika.

11. Nawisheni pamoja. Sabuni, maji ya vuguvugu, chini ya kucha, kisha mafuta mikononi kwa sababu udongo hukausha ngozi na baridi yetu huipasua. Maji ya kuoshea yamwagwe bustanini, kwa sababu udongo huziba bomba la sinki. Ubao na sinia aoshe mtoto mwenyewe, kwani kwake hiyo nayo ni sehemu ya mchezo.

Kuhusu kuchoma

Swali la kuchoma huja kila mara, nami jibu langu ni kwamba usichome nyumbani ukiwa na mtoto mdogo. Udongo wenye unyevu hata kidogo ukiingia motoni, maji yaliyo ndani hugeuka mvuke na kukipasua chombo kwa kishindo, na vigae huruka. Ukitaka chungu kimoja kibaki kama kumbukumbu, mpelekee mfinyanzi akichome pamoja na vyake. Kisichochomwa kisitiwe maji wala chakula, kwa kuwa kitayeyuka.

Matatizo yanayojitokeza

Mtoto anakula udongo. Kuonja mara moja ni kawaida kwa wadogo. Utoe mdomoni taratibu na umsafishe mdomo. Mtoto anayemwona mama au shangazi mjamzito akitafuna udongo wa pemba kutoka sokoni hawezi kuelewa kwa nini yeye akatazwe, kwa hiyo usiliwe mbele yake. Lakini akiutafuta kila siku na kuula kwa hamu, mpeleke kituo cha afya apimwe damu, kwa sababu hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Kuhusu minyoo, usiikose dawa inayotolewa kwa watoto wa miezi 12 hadi 59 katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, Juni na Desemba. Kwa yule ambaye bado anapeleka kila kitu mdomoni, subiri miezi michache, umpe maji, kijiko na bakuli.

Huwezi kupata udongo mzuri. Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na maji kiasi cha kikombe 1, ukiyaongeza kidogo kidogo, kisha ukande na kijiko cha mafuta. Unafinyangika vizuri, ila una chumvi nyingi ambayo ni hatari mtoto akiimeza, hivyo simamia kwa karibu na uufiche ukimaliza. Binafsi naona unga ubaki wa chapati pale udongo unapopatikana.

Vitu vinapasuka vyote. Udongo una unene usiolingana, umekaushwa haraka, au unashikana mno na kusinyaa kupita kiasi. Kwa hili la mwisho, kanda ndani yake mchanga laini uliochekechwa, konzi moja kwa kila mabonge manne.

Udongo umekauka ndani ya ndoo. Hujapoteza kitu. Upondeponde, uuloweke upya, urudie hatua ya tatu.

Mtoto anachoka baada ya dakika tano. Mwache aondoke na usimwite. Acha bonge lake pale pale chini ya kanga. Wengi hurudi baada ya kuzunguka ua mara mbili. Wa miaka miwili akikaa dakika kumi amekaa sana.

Mtoto hataki uchafu mikononi. Wapo watoto wa hivyo na hawana kasoro. Mpe gunzi na kijiti achore kwenye udongo uliotandazwa, na siku atakayogusa kwa kidole kimoja usipige makofi.

Watoto wawili wanagombana. Kila mmoja awe na ubao wake na bonge linalolingana na la mwenzake, lililogawanywa mbele ya macho yao. Gunzi wapokezane.

Mtoto anavunja kila anachotengeneza. Mzazi huumia, hasa kikiwa kizuri, na nimewahi kumficha kuku mmoja juu ya kabati ili asivunjwe. Mtoto alimtafuta siku mbili, si kwa kumpenda, bali kwa sababu alihitaji udongo wake atengeneze basi la kwenda Kyela. Vipande vikavu virudi kwenye ndoo ya maji, na avirudishe yeye mwenyewe, kimoja kimoja, asikilize viputo.